Aliyeanguka na baiskeli ni mimi au kaka yangu?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina miaka 41. Hivi karibuni mimi na kaka yangu, anayenizidi miaka mitatu, tulikaa tukikumbushana utoto, tukaishia kununiana. Nakumbuka waziwazi nilivyoanguka na baiskeli ya magurudumu matatu kwenye ngazi za nyumba yetu ya kwanza, damu ikanitoka mdomoni. Nyumba ile tuliihama kabla sijatimiza miaka mitatu. Kaka anaapa kuwa aliyeanguka ni yeye. Kisha tukatafuta kwenye intaneti katuni tuliyokuwa tukiitazama kila Jumamosi. Sote wawili tulimkumbuka yule panya akiwa amevaa kofia. Tulipoiona, hana kofia hata mahali pamoja, na michoro yenyewe ni hafifu. Lakini wimbo wa mwanzo ulipoanza, nililia mbele ya watoto wangu. Hata shule, ambayo niliichukia kwa sababu ya hesabu na mwalimu mkali, siku hizi naiona tamu. Nani mkweli kati yetu? Kulia hivi ni kawaida? Na nimeona baiskeli kama ile inauzwa. Niinunue?

JIBU: Marahaba, dada. Umetaka hukumu, na sitaikwepa: kwa maelezo uliyonipa, nampa kaka yako ushindi. Sisemi umedanganya, wala sisemi yeye ana kichwa kizuri kukuzidi. Kinachokuangusha ni umri uliokuwa nao wakati ule.

Watu wazima wakiulizwa jambo la kwanza kabisa wanalolikumbuka maishani, wengi hutaja tukio la umri wa miaka mitatu au mitatu na nusu. Wapo wanaorudi nyuma zaidi, lakini ni wachache. Si kwamba watoto wadogo hawana kumbukumbu. Mtoto wa miaka miwili anajua mdoli wake umefichwa wapi, na ahadi uliyompa jana atakudai leo. Anakumbuka vizuri tu. Tatizo ni kwamba kumbukumbu za umri huo hazifiki mbali.

Kuna jaribio moja la New Zealand ambalo nalipenda kuliko mengine yote ya aina hii, labda kwa sababu lilifanywa kwa kichezeo. Gabrielle Simcock na Harlene Hayne wa Chuo Kikuu cha Otago walitengeneza mashine ya "kupunguza vitu". Mtoto anavuta kishikio taa zinawaka, anatia kichezeo kikubwa ndani, anazungusha mkono wa mashine, kisha anafungua mlango na kukuta kichezeo kilekile kimekuwa kidogo. Ni kiinimacho tu, lakini kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu ni jambo la kusimulia wiki nzima. Watafiti waliwarudia watoto hao baada ya miezi sita au mwaka. Wengi waliweza kuitambua mashine na hata kuonyesha kwa mikono ilivyotumika. Kuisimulia kwa maneno ndiko kulikowashinda. Na hakuna hata mmoja aliyeisimulia kwa neno ambalo hakuwa nalo siku alipocheza. Baadhi yao kufikia wakati huo walikuwa wamejifunza maneno yote yaliyohitajika, lakini kumbukumbu ilikuwa imehifadhiwa bila maneno hayo, ikabaki hivyo.

Miaka sita baadaye waliulizwa tena. Ni mmoja tu kati ya kila watoto watano aliyekumbuka kuwa aliwahi kuiona mashine ile. Miongoni mwa waliokumbuka walikuwamo wawili ambao siku ya mchezo hawakuwa wametimiza miaka mitatu, kwa hiyo siwezi kusema kwamba jambo lako haliwezekani kabisa. Ila hiyo ni miaka sita tu. Yako imepita karibu 40.

Ubongo wenyewe una mchango wake. Sehemu iitwayo hipokampasi, inayounganisha vipande vya tukio kuwa kumbukumbu moja, huzalisha seli mpya kwa kasi kubwa sana utotoni. Mwaka 2014 maabara ya Paul Frankland na Sheena Josselyn huko Toronto ilionyesha kwa panya kwamba seli hizo mpya zikiongezwa, panya mkubwa husahau alichojifunza, na uzalishaji ukipunguzwa, panya mchanga hukumbuka kwa muda mrefu zaidi. Yaani ujenzi wenyewe wa ubongo unaharibu kilichokwisha kuwekwa.

Sasa damu ya mdomoni umeitoa wapi, na unaiona waziwazi? Yawezekana kabisa umeipata kwa kuisikia. Jean Piaget, Mswisi ambaye karibu kila mwalimu amefundishwa nadharia zake, alikuwa na kumbukumbu ya aina hiyo. Aliona wazi tukio la yeye mwenyewe akiwa mchanga ndani ya kigari chake cha kusukumwa, kwenye barabara ya Champs-Élysées jijini Paris, mtu akijaribu kumteka na yaya wake akipambana naye hadi akakwaruzwa usoni. Aliyaona yote hayo mpaka alipofika umri wa miaka 15 hivi, wakati yaya alipowaandikia wazazi kukiri kuwa alikuwa ameizua hadithi nzima, akarudisha na saa aliyokuwa amezawadiwa. Mtoto alikuwa ameisikia ikisimuliwa nyumbani, akaichora kichwani, akaihifadhi kama kitu alichokiona. Picha ilikuwa wazi sana, na tukio halikuwahi kutokea.

Ndiyo maana "naiona waziwazi" si ushahidi, ingawa katika ugomvi wa ndugu ndiyo hoja inayopigiwa kelele kuliko zote. Mwaka 2001 Mercedes Sheen, Simon Kemp na David Rubin walichapisha utafiti kuhusu mapacha waliokwisha kuwa watu wazima. Waliwapa maneno ya kuwakumbusha mambo ya zamani, na jozi nyingi zikajikuta zina angalau tukio moja ambalo kila pacha alidai limempata yeye. Kumbukumbu hizo zinazogombaniwa hazikuwa hafifu hata kidogo. Wenyewe walizipa alama za juu kwa uwazi wa picha na kwa hisia kuliko zile zisizo na mgogoro. Kuna jambo lingine lililonichekesha nilipousoma utafiti wao uliofuata, wa mwaka 2006: watu walivutia kwao ajali na ushindi, na makosa wakapenda kuyasukumia kwa mwenzao. Kuanguka ngazini na kutoka damu ni ajali nzuri sana ya kuivutia kwako, kwa sababu kila mtu alikukimbilia.

Kwa hoja hiyo hiyo, kaka yako naye asishangilie mno. Naye alikuwa na miaka mitano au sita, umri ambao mtoto anaweza kukumbuka vizuri lakini pia anaweza kumpora ndugu yake ajali. Nampa ushindi kwa sababu tu kati yenu wawili yeye ndiye aliyekuwa na umri wa kukumbuka. Isipokuwa kama yuko ndugu wa tatu aliyekaa kimya siku zote, naye ndiye mwenye kovu.

Kama mnataka kuhakikisha, tafuteni kitu kilichoandikwa wakati ule: kadi ya matibabu, barua, tarehe nyuma ya picha. Wazazi wenu ni mashahidi wa kuulizwa, lakini nao wamekuwa wakisimulia kwa miaka karibu 40, na msimulizi hubadilisha. Na picha mziogope kidogo. Mwaka 2002 Kimberley Wade na wenzake waliwaonyesha watu 20 picha ya utotoni iliyotengenezwa, ikiwaonyesha wamepanda puto kubwa la kuruka angani, safari ambayo hakuna aliyewahi kuifanya. Baada ya mahojiano matatu, nusu yao walikuwa wanaikumbuka safari hiyo, wengine kwa sehemu na wengine kwa ukamilifu wake.

Utaniuliza: je, ukijiona kwa nje, yaani unamwona mtoto wa kike anaanguka badala ya kuziona ngazi zikikujia, hiyo haithibitishi kuwa si kweli? Hapana. Kumbukumbu za zamani, hata za kweli, mara nyingi huhama na kuanza kuonekana kwa macho ya mtu mwingine. Georgia Nigro na Ulric Neisser waliandika juu ya hilo tangu 1983. Dalili hiyo watu huipenda sana kwenye mazungumzo, lakini haina uzito.

Tuje kwa panya na kofia yake. Hapa nina furaha zaidi, kwa sababu mmekosea wote wawili, na kosa ni lilelile.

Watu hudhani wawili wakikubaliana, jambo limethibitika. Deepasri Prasad na Wilma Bainbridge wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha mwaka 2022 utafiti juu ya picha ambazo halaiki ya watu hukumbuka vibaya kwa namna moja. Pikachu, yule wa manjano wa katuni za Kijapani, watu wengi humkumbuka akiwa na ncha nyeusi kwenye mkia. Hana, weusi uko kwenye masikio. Mzee wa mchezo wa Monopoly hukumbukwa akiwa na kioo cha jicho moja. Hana pia. Hata watu walipoachiwa karatasi tupu na kuambiwa wachore kwa kukumbuka, makosa yaleyale yalijitokeza bila kufundishwa na mtu. Kwa hiyo wewe na kaka yako hamkuhitaji hata kuambukizana. Kwa panya wenu nakisia hivi: kulikuwa na panya wengine wa katuni wenye mavazi, au mlikuwa na kichezeo au jalada la daftari lenye panya wa kofia, na miaka ikawakutanisha kuwa panya mmoja.

Na runinga ina upekee wake hapa. Katuni ya utoto wenu hamkuitazama mara nyingi kama mnavyodhani. Ilikuja siku moja kwa wiki, saa moja maalumu, na aliyechelewa alikuwa amechelewa. Kama nyumbani hapakuwa na mashine ya kurekodi, kila sehemu mliiona mara moja tu. Ila mliicheza mara nyingi. Jumatatu shuleni kila mtoto alikuwa ameona kitu kilekile saa ileile, na wakati wa mapumziko mkagawana nani awe nani, mkaongeza vita ambavyo havikuwamo, mkamvalisha panya kofia ya mmoja wenu. Kwa kila nusu saa ya kutazama kulikuwa na saa kadhaa za kuigiza. Ulichokihifadhi ni mchanganyiko wa vyote viwili, na michezo yenu, nathubutu kusema, ilikuwa na michoro bora kuliko katuni yenyewe. Ndiyo maana ulipoiona tena umeikuta hafifu. Vilevile mlikuwa na kioo kidogo chenye chenga, na leo unaitazama kwenye skrini inayoonyesha kila dosari.

Runinga ina uwezo hata wa kukumbukwa kwa kitu ambacho haikuonyesha. Tarehe 4 Oktoba 1992 ndege ya mizigo ya El Al ilianguka juu ya majengo ya makazi katika eneo la Bijlmermeer, Amsterdam. Hakuna kamera iliyonasa ndege ikigonga jengo. Miezi kumi baadaye Hans Crombag na wenzake waliwauliza Waholanzi kama waliiona filamu ya ndege ikigonga. Asilimia 55 walisema ndiyo, na baadhi wakaeleza ilivyokuja na ilivyowaka. Walikuwa wameona taarifa za baadaye, wakasikia maelezo, wakajaza kilichobaki. Hawa walikuwa watu wazima, na tukio halikuwa na mwaka. Wewe ulikuwa mtoto, na ni katuni ya miaka 30 iliyopita. Kofia moja si kosa kubwa.

Haya ndiyo aliyoyaeleza Frederic Bartlett wa Cambridge tangu 1932: kumbukumbu haitolewi ghalani kama gunia lililowekwa jana, hutengenezwa upya kila inapohitajika, kwa vipande vilivyopo na kwa kile unachokijua sasa. Hadithi uliyoisimulia mara nyingi zaidi ndiyo iliyopita mikononi mwako mara nyingi zaidi.

Kwa upande huo, wimbo wa mwanzo ni tofauti, na hapa ndipo ninapotaka ukae nami kidogo. Baiskeli umeisimulia maisha yako yote. Wimbo ule hujausimulia. Haukuwa na kitu cha kusimulia, ni sauti tu, na pengine kwa miaka mingi hukuusikia kabisa. Ulipopigwa, uliamsha vitu ambavyo havikuwahi kupitia mdomoni mwako: mahali ulipokuwa umekaa, nani alikuwa nyuma yako, ile hali ya kujua kwamba kesho si siku ya shule. Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliwasikilizisha watu vipande vya nyimbo za miaka yao ya kukua huku akipima shughuli za ubongo, na mwaka 2009 akaripoti kwamba eneo la katikati nyuma ya paji la uso hufanya kazi zaidi kadiri wimbo unavyohusishwa na kumbukumbu za mtu mwenyewe. Eneo hilo hushughulika pia na kujifikiria sisi wenyewe. Kwa hiyo wimbo, mtu na hisia hukutana mahali pamoja, na machozi hutangulia hata kabla hujajua unalilia nini.

Harufu nayo hufanya hivyo, mara nyingi kwa kurudi mbali zaidi. Johan Willander na Maria Larsson wa Sweden waliwapa wazee maneno, picha na harufu. Maneno na picha viliwarudisha zaidi kwenye miaka ya ujana, lakini harufu ziliwarudisha kwenye miaka kumi ya kwanza ya maisha, na kwenye mambo ambayo hawakuwa wakiyafikiria mara kwa mara. Ukitaka kuionja shule kwa namna ambayo hujaizoea, nusa penseli za rangi zilizochongwa sasa hivi, au daftari jipya, kabla hujafungua albamu ya picha. Watengenezaji wa vichezeo wanalijua hili: mwaka 2018 kampuni ya Hasbro ilisajili nchini Marekani harufu ya udongo wa kuchezea wa Play-Doh kuwa alama yake ya biashara.

Umeuliza kama kulia hivi ni kawaida. Ni kawaida. Zamani madaktari wangekukatalia: mwaka 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari huko Basel, aliandika tasnifu iliyoitaja hali hii ya kutamani ya nyuma kuwa ugonjwa, hasa kwa watu walioishi mbali na kwao, na dhana hiyo ikadumu kwa muda mrefu sana. Utafiti wa sasa unasema vingine. Tim Wildschut, Constantine Sedikides na wenzao walichunguza mwaka 2006 masimulizi mengi ya watu waliotamani yaliyopita. Mara nyingi hali hii huanza mtu anapokuwa na huzuni au upweke. Na katika masimulizi hayo msimulizi huwamo mwenyewe, akiwa na watu wa karibu, na mara nyingi mambo huanza vibaya yakaishia vizuri. Mtu akimaliza kusimulia, hujisikia amezungukwa na watu zaidi kuliko alivyokuwa kabla. Kwa hiyo nitakugeuzia swali: wiki ile ulikuwa na upweke? Sikulazimishi kunijibu. Lakini kama ni ndiyo, machozi yalikuwa yanafanya kazi yake, na kumpigia kaka yako simu kungefanya zaidi.

Ningeanza kuwa na wasiwasi kama ungeniambia kwamba kila ukitoka katika kumbukumbu hizo unawaona watoto wako hawana utoto, au huwezi kulala, au hakuna cha leo kinachokupa raha. Hujasema hivyo.

Shule sasa. Hisia mbaya hufifia upesi kuliko nzuri. Hilo limepimwa kwa watu walioandika shajara na kuulizwa baadaye. Uchungu wa tukio baya hupungua kwa kasi, na furaha ya tukio jema hupungua polepole, kwa hiyo ukikaa miaka ya kutosha, hesabu inaegemea upande mtamu yenyewe. Na hesabu zako halisi, zile za darasani, huenda nazo zimepanda. Harry Bahrick na wenzake waliwaomba wanafunzi 99 wa chuo wakumbuke alama zao za sekondari, kisha wakalinganisha na rekodi za shule. Alama ya A ilikumbukwa sawasawa kwa asilimia 89. Alama ya D, asilimia 29 tu. Na walipokosea, mara nyingi walijiongezea. Hawa walikuwa wamemaliza sekondari miaka michache tu nyuma.

Bahrick huyohuyo ana utafiti mwingine ambao utakufariji. Mwaka 1975 aliripoti juu ya watu 392 waliokwisha kumaliza sekondari, wengine miezi michache nyuma, wengine karibu miaka 50. Majina ya wenzao wa darasa walipotakiwa kuyataja bila msaada, waliyapoteza kwa wingi. Lakini walipoonyeshwa picha tano, moja ya mwanafunzi mwenzao na nne za wageni, hata waliomaliza miaka 35 iliyopita walimtambua wao kwa takriban asilimia 90. Majina yanaondoka, nyuso zinabaki. Ukiona picha ya darasa lako na kujiona mpumbavu kwa kusahau nusu ya majina, jua kwamba nyuso zote hizo bado unazo.

Ila kuhusu mwalimu mkali nina neno. Kufifia kwa uchungu ni jambo la mwili kujitunza, halimsafishi mtu. Kama alikuumiza, alikuumiza, na utamu unaouona sasa unatoka kwa wenzako, kengele ya kutokea na njia ya kurudia nyumbani, hautoki kwake. Nawasikia wazazi wengi wakiwaambia watoto wao, "Sisi tulichapwa na tukawa watu." Aliyesema hivyo anakumbuka kwa hesabu iliyoegemea upande mmoja. Watoto wako wasilipie hesabu hiyo.

Kama utaitembelea shule yenyewe, jiandae kuikuta ndogo. Uwanja uliouvuka kwa kukimbia mpaka ukaishiwa pumzi utauvuka kwa hatua chache, kwa sababu uliupima kwa miguu mifupi na kwa macho yaliyokuwa karibu na ardhi.

Baiskeli nunua, kama bei yake haikuumizi. Usitegemee tu irudishe siku ile ya ngazini, kwanza kwa sababu siku hiyo nimekwisha kumpa kaka yako. Itakachoweza kukupa ni kitu kingine. Mikono na miguu ina kumbukumbu yake, inayotumia njia tofauti za ubongo. Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji mwaka 1953 kutibu kifafa akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, hakuweza tena kuhifadhi matukio mapya. Hata hivyo Brenda Milner alipomfundisha kuchora nyota kwa kuitazama kwenye kioo, alizidi kuwa hodari siku hadi siku, huku kila siku akiamini ni mara yake ya kwanza. Ukishika mpini wa baiskeli ile, au ukikaa sakafuni na kuisukuma kwa mkono, mwili unaweza kukumbuka jambo ambalo wewe hukumbuki. Kwa sababu hiyo, vichezeo vya kushika na kufanya kazi kwa mikono vina faida zaidi kuvitafuta kuliko vile vya kuweka kabatini. Tofali la kuchezea la LEGO la muundo ulioombewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1958 bado linashikana na la leo, na ukilikandamiza vidole vinajua mlio unaokuja.

Watoto waonyeshe katuni, lakini kaa nao, na usiwaulize kila dakika kama wanaipenda. Wataiona ina mwendo wa polepole. Kitakachobaki kwao ni kule kukaa nawe. Carol Krumhansl na Justin Zupnick waligundua mwaka 2013 kwamba vijana wa Marekani walikuwa na kumbukumbu zao binafsi na hisia kali kwa nyimbo zilizovuma wazazi wao walipokuwa vijana, nyimbo walizozikuta zikipigwa nyumbani. Wimbo wa panya wako unaweza kuwa wa wanao pia, ila kwao utakuwa na mama anayelia.

Na kabla hamjakutana tena na kaka yako, fanyeni hivi: kila mmoja achukue karatasi, aandike peke yake anayoyakumbuka ya nyumba ile na ya katuni ile, bila kupigiana simu. Fiona Gabbert na wenzake waliwaonyesha watu wawili wawili video mbili tofauti za tukio moja, kila mmoja akidhani mwenzake ameona ileile. Baada ya kuzungumza, asilimia 71 walitaja angalau jambo moja ambalo walilipata kwa mwenzao tu. Ninyi mmekwisha kuzungumza, najua, lakini mengi hamjayafikia bado: rangi ya mlango, jina la jirani, mlivyogawana nani awe panya. Andikeni hayo kwanza, tarehe juu ya karatasi, kisha ndipo mkae chini mbishane.